Kumvika Maksai Kiatu Kisivuliwe na Tope

Wenzangu mnaobaki kwenye ofisi ya mifugo ya Kabambare, siku tuliyoagana mliniuliza jambo moja nami nikacheka badala ya kujibu. Mliuliza kiatu cha maksai hukaaje mguuni wakati wa mvua, ikiwa tope letu linawavua watu mabuti yao. Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kwa sababu jibu lake ni refu, na sehemu yake kubwa niliipata nikiwa nimepiga magoti mahali ambapo hakuna anayependa kupiga magoti. Sasa nina nafasi ya kuandika. Vyeo sitavieleza, vilinipita kama pikipiki inayoikimbia mvua. Nitaeleza miguu.

Nilizaliwa Kasongo, katika nyumba ya wauza vitenge. Dada zangu wote walikaa dukani, na baba alinitengea kiti changu pale. Mimi nikaenda kusomea mifugo. Baba hakugombana nami, alisema tu, "Zuhura, kitenge hakipigi teke." Nilimkumbuka mara nyingi baadaye.

Nilipotumwa Kabambare nilifika nyuma ya pikipiki, nimevaa viatu vyeusi vya Idi, kwa kuwa mama alishikilia kwamba mtu hufika kazini mara ya kwanza mara moja tu. Aliyenipokea alikuwa Baba Sumaili, mwuguzi wa wanyama, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Hakunitazama usoni. Alitazama miguuni.

"Karibu, binti," akasema. "Viatu ni vizuri. Vitakufa leo."

Havikumaliza hata asubuhi. Aliniingiza zizini kumshika ng'ombe aliyekuwa na jipu, na nilipopiga hatua ya pili mguu ulitoka, kiatu kikabaki chini. Nilitia mkono hadi kwenye kiwiko nikikitafuta. Wachungaji walikuwa na adabu; waligeuza nyuso zao ili wacheke. Baba Sumaili aliniletea mabuti yake ya akiba, makubwa mno, akaniambia nijaze majani mbele. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Kabla ya kuwa mwuguzi Baba Sumaili alikuwa mchinjaji, na sijawahi kupata mwalimu bora wa mguu wa ng'ombe. Siku za soko alikwenda machinjioni akaomba miguu iliyokatwa, tukaifungua juu ya ubao nyuma ya ofisi. Alinionyesha kwamba ukwato si jiwe. Ni kama ukucha uliofunika nyama hai, na ndani yake mna mfupa, mishipa na damu nyingi. Alinionyesha kwamba ng'ombe anakanyaga kwa vidole viwili, na kila kidole kina mzigo wake. Tukishamaliza kusoma, wanawake wa sokoni waliichukua miguu ile wakaipika supu. Sidhani kama kuna mwanafunzi mwingine ambaye vitabu vyake viliishia kwenye sufuria.

"Macho yanadanganya," aliniambia. "Tope linaficha. Weka kidole gumba hapa, juu ya ukwato. Iko moto? Basi ugonjwa iko ndani, hata kama ngombe anatembea."

Siku zile chama cha wakulima kilikuwa kimeleta maksai wa kulima mabonde ya mpunga na kuvuta mikokoteni. Walikuwa ng'ombe wafupi wa aina inayovumilia mbung'o. Kazi waliiweza. Kilichowashinda ni barabara. Mnaijua: kilimani ni changarawe kali inayokwangua ukwato hadi uwe mwembamba kama ganda la yai, na bondeni ni tope linaloulainisha ule uliobaki. Ng'ombe akitoka kwenye tope na kupanda kilima, ukwato laini unakutana na jiwe kali. Hapo ndipo vidonda vinapozaliwa.

Chuoni tulikuwa na picha ya mguu wa farasi wenye kiatu cha chuma kilichopigiliwa misumari. Nilimpelekea Baba Sumaili picha ile kwa fahari. Aliitazama muda mrefu. Farasi kwetu hawaishi, mbung'o huwamaliza, lakini alitaka kujua. Mwishowe akaniuliza: "Na misumari itaingia wapi kwa ngombe? Ukuta wa ukwato wake iko mwembamba. Na vidole vyake viwili vinaachana akikanyaga. Chuma kimoja kitavifunga."

Kwa hiyo tulitengeneza viatu vya pine kuukuu, matairi ya magari yaliyokwisha kazi. Soli ilitoka mahali pa kukanyagia barabara, ubavu wa pine ukakunjwa juu na kushonwa kwa waya, na mikanda tuliikata kwenye mpira wa ndani. Kwenye barabara kavu vilikuwa viatu vya kifalme. Kwenye tope vilikuwa zawadi kwa ardhi. Maksai aliingia bondeni na viatu vinne akatoka na kimoja. Wakulima walijua dawa moja tu: kukaza. Kamba ikikazwa damu haishuki, mguu unavimba, na mwenye ng'ombe anafurahi akidhani kiatu sasa kimeshika vizuri. Nimetibu miguu mingi zaidi iliyokatwa na mikanda kuliko iliyokatwa na mawe.

Tulijaribu mengi. Tulipaka lami ndani ya kiatu. Ikashika manyoya, haikushika ukwato. Tulitoboa soli ili maji yatoke. Hilo lilisaidia kidogo, na bado nawashauri mlifanye. Baba Sumaili alipochoka na miguu yake mwenyewe alirudi kwao Nyangwe, kando ya Lualaba, akavue samaki. Aliniachia kisu chake cha kwato, chenye ncha iliyopinda, na tupa yake.

"Nimekufundisha mambo yote nilijua," akasema. "Ya tope sikuijua. Weye uitafute."

Niliitafuta miaka mingi bila kuipata. Nilipoipata sikuwa naitafuta. Nilikuwa nakimbia.

Ilikuwa katikati ya mvua. Nilikwenda kijiji kimoja upande wa Lusangi kumtazama maksai wa Mama Feza. Feza alikuwa mjane, mkulima wa mpunga, na pamoja na wanawake wenzake alikuwa na mkokoteni na maksai wawili: Kapitani, aliyependa kuwa mbele, na Polepole, ambaye jina lake linatosha. Polepole alikuwa anachechemea. Nilimfunga kwenye mti, nikaosha mguu wa mbele wa kulia, nikaweka kidole gumba. Ulikuwa moto. Nikakata sehemu ya ukwato iliyokufa kidogo kidogo mpaka usaha ukaruka, na ndani nikakuta kipande cha changarawe kimezama kwenye kidole cha nje. Nikasafisha, nikatia mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda, nikapachika kipande cha mti mwepesi chini ya kidole kizima ili kile kigonjwa kining'inie kisikanyage. Nikafunga kitambaa, nikamvika kiatu cha pine juu yake. Nikamwambia Feza, "Huyu asitoke zizini mpaka nirudi. Mahali pakavu tu."

"Ndiyo, mama," akasema.

Mvua ilinilaza pale kijijini, na asubuhi iliyofuata tulisikia risasi upande wa mlima. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zinasogea. Ninyi ni watu wa huku, hamna haja niwaeleze kinachofuata. Kila mtu alichukua alichoweza, na njia ya kwenda Kabambare ikajaa vichwa vyenye mizigo. Dereva aliyenileta kwa pikipiki alikuwa amekwisha kuondoka, amewabeba mke wa mtu na watoto wake, sikumlaumu.

Mama mkwe wa Feza, Bibi Asumini, alikuwa mwanamke mzee ambaye miguu yake ilikufa ganzi tangu zamani. Hakuweza kusimama. Alikuwa mnene, na njia ilikuwa ya utelezi. Kumbeba mgongoni mpaka Kabambare lilikuwa jambo la kusema tu. Walimweka kwenye mkokoteni pamoja na watoto wadogo wa majirani na mwanamke aliyejifungua juzi. Feza akanitazama. Nikamtazama Polepole, amesimama kwa miguu mitatu na nusu.

"Kapitani peke yake hawezi," Feza akasema.

"Hawezi," nikasema. "Fungeni wote wawili."

Kilimani mambo yalikwenda. Polepole alichechemea, lakini kile kipande cha mti kilifanya kazi yake, na kitambaa kilibaki kikavu. Kisha tukashuka bonde la kwanza la mpunga. Tulikuwa hatujafika katikati nikasikia ile sauti ninayoijua, kama mtu anayevuta kizibo cha chupa. Kiatu kimetoka. Feza aliingiza mikono akakichimbua, nikafunga upya. Tukasogea kidogo. Kikatoka tena. Mara hii kitambaa kililowa tope, na Polepole akapiga magoti ya mbele, akakataa kuinuka.

Watu walikuwa wanatupita. Shemeji yake Feza, mwanamume aitwaye Musafiri, alirudi nyuma akatukuta pale.

"Muache ngombe," akasema. "Mumuache hapa. Tutabeba watoto."

"Na mama yako?" Feza akauliza.

Aliyejibu ni Bibi Asumini mwenyewe, kutoka juu ya mkokoteni. "Muniache na mimi. Niko muzee. Hawa watu watanifanya nini? Muniachie maji tu."

Feza alifuta tope usoni kwa mkono uliokuwa na tope zaidi. "Mama," akasema, "wewe ulinipokea nyumbani yako wakati nilikuwa sina kitu. Sitakuacha kwa tope. Nyamaza, upumzike." Kisha akamgeukia Musafiri. "Kama uko na nguvu ya kubeba watoto, uko na nguvu ya kusukuma gurudumu. Simama nyuma."

Musafiri akasimama nyuma.

Nami nikasema nitatembea pembeni mwa mguu ule, nimeinama, nisitazame kitu kingine. Naona haya kidogo kusema kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa natazama viatu vikiwa vimekwisha kutoka. Tulimwinua Polepole, Feza akamwita kwa jina kwa sauti ya chini, na wakavuta. Nikaona. Tope lilikuwa linaukawiza mguu wa mbele. Uliponasa pale chini, mguu wa nyuma ulikuwa umekwisha kuja kwa haraka yake ya kawaida, ukakanyaga kisigino cha kiatu cha mbele, kile kipande cha soli kilichozidi nyuma ya ukwato. Polepole alikuwa anajivua kiatu mwenyewe. Tope lilikuwa linasingiziwa tu.

"Simameni!" nikapiga kelele.

"Hapa?" Feza akasema. "Katikati ya tope?"

"Hapa hapa. Nipe panga."

Risasi zililia tena, karibu zaidi. Mwanamke aliyejifungua alimfunika mtoto wake kwa kitenge kana kwamba kitenge kinazuia risasi. Niliuweka mguu wa Polepole juu ya paja langu, nikakata soli yote iliyozidi nyuma mpaka ikawa sawa na ukwato, hata kiasi kidogo ndani yake. Kisha nikakata ncha ya mbele kwa mshazari, ili mguu ujiviringishe upesi na kutoka topeni kabla ule wa nyuma haujafika. Nikaondoa mikanda iliyokazwa. Nikachana ukingo wa kitenge changu nikazungushia mguu chini ya vile vidole vidogo vya nyuma visivyogusa ardhi, nikapitisha mkanda juu yake kwa umbo la nane, nikaacha nafasi ya kidole changu kuingia. Kazi ya mikono ina rehema hii: ukishaianza, inakusahaulisha masikio.

"Sasa," nikasema.

Polepole akainua mguu. Kiatu kikaja nao. Akaukanyaga, akauinua tena, na kiatu kikaja tena. Feza alikuwa analia huku anaendesha, na hakupunguza mwendo. Tulivuka bonde lile na la pili. Kwenye kijito Musafiri na wanaume wawili aliowakamata njiani waliinua gurudumu kwa mabega. Tulipofika ng'ambo Bibi Asumini alisema tu, "Musafiri, unasukuma vizuri kuliko unavyosema." Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia watu wakicheka.

Tuliingia Kabambare mchana umekwisha kuegemea. Kiatu kilikuwa mguuni. Bibi Asumini alishushwa kwenye uwanja wa shule walipopangiwa waliokimbia, akaomba maji ya kunawa kabla ya maji ya kunywa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaliishia hapo. Nilipofungua kitambaa cha Polepole nilinusa kabla ya kuona. Uchafu ulikuwa umeingia ndani, na kidole cha nje kilikuwa kinavimba hadi juu. Musafiri alisema wamchinje ili watu wapate kula. Hakuwa na ubaya. Watu walikuwa na njaa kweli. Feza akaniuliza mbele yake: "Mama Zuhura, useme bila kunificha. Atapona?"

"Sijui," nikamwambia. "Nikipewa mahali pakavu, nitajaribu."

"Basi atapata mahali pakavu."

Katika mji uliojaa watu wasio na pa kulala, mahali pakavu kwa ajili ya ng'ombe si kitu cha kuomba kwa sauti kubwa. Feza na wenzake walibeba mawe kutoka mtoni vichwani, wakatengeneza sakafu nyuma ya ofisi yetu, kisha wakaomba makapi kwenye mashine ya kukobolea mpunga wakayatandaza juu. Kila asubuhi niliosha, nikakata, nikatia mrututu. Kuna wiki nilimwona anakonda nikafikiri Musafiri alikuwa sahihi. Kisha asubuhi moja nikaweka kidole gumba juu ya ukwato, nikakiacha pale muda mrefu kwa kutoamini. Ulikuwa baridi. Nyama nyekundu safi ilikuwa inaota chini, na juu yake ukwato mpya. Nilimwita Feza naye aweke kidole chake.

Kiangazi kilipofika na njia ikatulia, walirudi kwao. Polepole alivuta. Alichechemea maisha yake yote, lakini alivuta, na Bibi Asumini alikaa mbele kabisa kwenye mkokoteni akitoa amri ambazo Kapitani hakuzifuata.

Kabla hawajaondoka Feza aliniambia, "Sasa unifundishe. Siku ingine hutakuwa pale." Nilimfundisha. Ni mwanafunzi mgumu, anabisha kila kitu mpaka akione mwenyewe. Ndiye aliyenionyesha kwamba ukikata kwato za maksai wiki chache kabla ya mvua, wakati bado ni kavu, na kupunguza urefu wa mbele, nusu ya viatu hutavihitaji kabisa. Alisema kweli. Yeye pia ndiye aliyeanza kutandaza mawe na changarawe mlangoni pa zizi na mahali pa kunyweshea, pale ng'ombe wanaposongamana na kusaga udongo. Sasa wanawake wa vijiji vile hawaniiti tena kwa miguu. Wananiita kwa minyoo na kuzaa, na wakati mwingine kwa kunisalimu tu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu lenu, wenzangu. Msikaze. Mkate kwanza, kisha mvike. Soli isizidi ukwato nyuma. Na kabla ya kulaumu tope, tembeeni pembeni mwa mnyama, mkiwa mmeinama, hata kama njia ni mbaya na watu wanawatazama.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka. Viti vilikuwa vimepangwa, soda zimefunguliwa, na mkuu alikuwa amesimama kusema. Ndipo mchungaji mmoja akaingia uani na maksai asiyeweza kukanyaga, kwato zote nne zimerefuka na kujikunja kama ndala kuukuu. Hakujua kuna sherehe. Alivua kofia, akataka kugeuka arudi. Nikamwambia afunge ng'ombe.

Elisabeti, mwenzangu wa ofisini, wewe ulikuja kunishikia kamba ukiwa na gauni lako jipya. Tulimaliza mguu wa kwanza watu wakitutazama kutoka barazani. Kwenye wa pili maksai alinipiga teke la paja, nikamkumbuka baba. Kwenye wa tatu mvua ikaanza, watu wakaingiza viti ndani.

"Mama, tuache," ukaniambia. "Ni siku yako ya mwisho. Huo mwingine nitaufanya kesho."

"Leo atarudi kwao kwa miguu mingapi?" nikakuuliza.

Ulisogea upande wa pili, gauni na yote, ukauinua mguu wa nne mwenyewe, ukauweka juu ya paja lako. Nikakupa kisu. Ulikata vizuri, pole pole, ukasimama kila mara kuweka kidole gumba. Mimi nilishika kamba. Ulipomaliza tukamfungua, akajaribu mguu mmoja, akajaribu mwingine, kisha akatoka uani na mchungaji wake kwenye mvua, kuelekea njia ya bondeni.

Ndipo nikanawa mikono.